Hudi Nyepesi ya Flisi kwa Safari za Milimani: Namna Ninavyoichagua

Watu wanaojiandaa kupanda Mlima Meru, karibu na Arusha, au kufika Lenana, kilele cha Mlima Kenya kinachofikiwa kwa miguu, kwa mara ya kwanza huuliza karibu wote swali moja: koti gani nene litafaa? Swali hilo lina msingi wake, kwa kuwa baridi ya huko juu inatisha, lakini koti nene hushinda ndani ya begi kwa sehemu kubwa ya safari, likitolewa jioni kambini na katika mapumziko marefu tu. Vazi linaloshinda mwilini ni lile la katikati, linalovaliwa juu ya fulana na chini ya koti la mvua. Kwangu mimi vazi hilo ni hudi nyepesi ya flisi, yaani sweta lenye kofia la kitambaa laini cha poliesta chenye manyoya, na ninaamini kwa dhati kwamba anayetenga muda wa kuichagua vizuri hutembea kwa raha kuliko yule anayemaliza fedha zake zote kwenye koti la manyoya ya bata.

Nitauzungumzia zaidi Mlima Meru, kwa sababu ndiko mahali panapoonyesha vizuri kazi ya vazi hili. Kanuni ya jumla ni kwamba joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Arusha uko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na Kilele cha Ujamaa, kilicho juu kabisa ya Meru, kiko kwenye mita 4,566, kwa hiyo tofauti baina ya mji na kilele inakaribia nyuzi 20. Usiku ambao mtu wa Arusha anajifunika blanketi moja kwa nyuzi 14, aliye kileleni anaweza kuwa kwenye nyuzi 6 chini ya sifuri, kabla upepo haujahesabiwa. Lakini mpandaji haanzii kileleni. Anaanzia geti la Momella, kwenye mita 1,500 hivi, anapita msitu wenye unyevu hadi mabanda ya Miriakamba, mita 2,500 na ushee, na kesho yake anapanda ngazi nyingi za mbao na udongo hadi mabanda ya Saddle, karibu mita 3,570. Jua likichomoza mawinguni anatokwa na jasho; ukungu ukishuka anatetemeka; na mambo hayo mawili yanaweza kutokea ndani ya saa moja. Kwenye milima iliyo karibu na Ikweta tofauti ya joto baina ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti baina ya mwezi mmoja na mwingine, na nguo inayofaa huko ni ile inayoweza kufuatana na mabadiliko hayo bila kukulazimisha kusimama kila mara.

Ndiyo maana sianzi kwa kuuliza flisi ina joto kiasi gani, bali inatoa jasho kiasi gani. Mtu anapopanda mteremko akiwa na begi mgongoni, misuli yake hugeuza sehemu ndogo tu ya nguvu inayotumia kuwa mwendo; takriban robo tatu au zaidi hutoka kama joto. Joto hilo halihitaji kufungiwa. Linahitaji njia ya kutoka pamoja na mvuke wa jasho, na pia kuzuiwa kidogo lisitoke lote kwa mkupuo pale mwendo unapopungua au upepo unapovuma. Jasho likinaswa ndani ya nguo, hatari haionekani wakati wa kupanda. Huonekana dakika chache baada ya kusimama, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, na fulana iliyoloa iliyogandamana na mgongo huanza kuunyonya mwili joto wakati huohuo misuli imeacha kulitengeneza. Wengi wanaosema kwamba walipata baridi kali Rhino Point, sehemu iliyo juu ya Saddle kwenye njia ya kileleni, walikuwa wamevaa nguo nyingi mno tangu walipoondoka Saddle usiku wa manane.

Flisi hufanya kazi yake kwa njia isiyo na maajabu. Ni kitambaa cha nyuzi za poliesta kilichofumwa, kisha uso wake ukachanwa ili nyuzi zisimame na kushika hewa katikati yake. Hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayokupa joto. Poliesta yenyewe hushika tu hewa mahali pake. Na kwa kuwa uzi wa poliesta hunyonya maji yasiyofikia asilimia 1 ya uzito wake, flisi iliyoloa ukiikung'uta na kuirudisha mwilini hukauka kwa joto lako mwenyewe ukiwa unatembea. Pamba haiko hivyo. Hata kwenye hewa ya kawaida yenye unyevu, pamba hubeba maji ya karibu asilimia 8 ya uzito wake, na ikiloa kwa mvua au jasho nyuzi zake hulegea na kulala, hewa yote ikatoka. Hudi za pamba ndizo zilizojaa mijini mwetu, ni nzuri kwa jioni za Njombe au Limuru, na ndizo ninazoziona mara nyingi kwa vijana wanaopanda kwa mara ya kwanza. Ningependa waziache nyumbani. Sufu ni suala jingine: inahimili harufu kuliko poliesta na hubaki na joto kiasi hata ikiwa na unyevu, lakini hukauka polepole, na katika msitu wa Meru ambako hakuna kinachokauka usiku, polepole huwa ni kesho kutwa.

Unene wa flisi hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba ya kitambaa. Kwa miaka mingi viwanda vimekuwa vikitaja madaraja matatu: 100, 200 na 300. Flisi ya 300 ni blanketi lenye mikono, nzuri kwa kukaa, mbaya kwa kutembea. Ya 200 ndiyo inayouzwa zaidi, na mtu hudhani ni ya wastani kwa sababu tu iko katikati. Mimi nachukua ya 100, au ile ya vijisanduku ambayo kwa ndani ina miraba midogo iliyoinuka na mifereji myembamba baina yake. Hiyo ya vijisanduku naipenda kuliko zote kwa sababu ya mifereji hiyo. Ukiwa unatembea na zipu imefunguliwa, mvuke hupita kwenye mifereji na kutoka; ukivaa koti jembamba la upepo juu yake, mifereji hiyohiyo hushika hewa na joto huongezeka mara moja. Kitambaa kimoja kinafanya kazi ya viwili. Miaka ya karibuni kumeenea pia flisi nyepesi mno, yenye manyoya yaliyoachana kiasi kwamba unaona mwanga ukipita, iliyotokana na vitambaa vilivyobuniwa kwa ajili ya askari wa vikosi maalumu vya Marekani. Hudi yake inaweza kuwa na gramu 200 au chini ya hapo. Inatoa jasho vizuri kuliko zote, lakini huchanika ikikwaruzwa na miiba, na bila koti la upepo juu yake ni kama hukuvaa kitu. Kwa anayepita vichakani Usambara au kwenye mianzi ya Aberdare, siipendekezi.

Historia ya kitambaa hiki inahusika na uchaguzi wetu kuliko mtu anavyoweza kudhani. Flisi ya kisasa ilitengenezwa mwaka 1979 na kiwanda cha Malden Mills cha Lawrence, Massachusetts, chini ya Aaron Feuerstein, mtu anayekumbukwa zaidi kwa kuendelea kuwalipa wafanyakazi wake baada ya kiwanda kuungua Desemba 1995. Kitambaa chenyewe hakikuwekewa hataza ya kuwazuia wengine, na kwa hiyo viwanda vingi duniani vilikiiga, bei ikashuka, na leo kimejaa katika marobota ya mitumba yanayofika Dar es Salaam na Mombasa. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba jina lililoshonwa kifuani haliamui sana. Flisi isiyo na jina kubwa, iliyofumwa vizuri, inaweza kukutumikia sawasawa na yenye jina.

Sasa nije kwenye kofia, kwa maana hapa ndipo ninapokuwa na msimamo mkali. Kuna imani iliyoenea kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani. Si kweli. Kichwa ni takriban asilimia 10 ya uso wa mwili, na hupoteza joto kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Sababu ya kutaka kofia ni tofauti. Mikono na miguu ikipata baridi, mwili hubana mishipa yake na kupunguza damu inayokwenda huko. Kichwani hauwezi kufanya hivyo kwa kiwango hicho, kwa hiyo joto la kichwa na shingo huendelea kutoka hata wakati unalihitaji. Tena shingo ndiyo mahali ambapo hewa ya moto inayopanda kutoka kifuani hupata mlango. Kofia iliyoshonewa shingoni hufunga mlango huo wote kwa pamoja, jambo ambalo kofia ya kawaida ya kufuma haiwezi kulifanya hata iwe nene namna gani.

Lakini faida kubwa kuliko zote ni wepesi wa kuibadilisha. Kuvua flisi kunataka usimame, uteremshe begi, utafute mahali pakavu pa kuliweka, kisha ulivae tena wakati wenzako wameshatangulia. Kuteremsha kofia kunataka mkono mmoja na hatua moja. Ukifika kwenye bega la mlima upepo ukapiga, unaipandisha. Ukiingia nyuma ya mwamba, unaishusha. Na zipu nayo unaipandisha na kuishusha vivyo hivyo. Kwa mambo haya mawili, kofia na zipu, mtu anaweza kutembea kutoka Saddle hadi Rhino Point na kuendelea kwenye ukingo wa kreta bila kuvua wala kuongeza nguo yoyote, akiwa hajaloa jasho. Kofia huongeza uzito wa gramu 50 hivi. Sijui gramu 50 nyingine ndani ya begi zinazofanya kazi kubwa kuliko hizo.

Si kila kofia inafaa, hata hivyo. Kofia za hudi za mjini ni pana, zinaning'inia, na upepo ukizijaza zinavutwa nyuma. Kofia ya mlimani inatakiwa ikumbatie kichwa na kidevu, ukingo wake uwe na mpira mwembamba, na ukigeuza shingo kutazama kulia nayo igeuke pamoja nawe badala ya kukuziba jicho. Kwenye safari ya usiku kofia hiyo hukaa chini ya mkanda wa taa ya kichwani na chini ya kofia ya koti la mvua, kwa hiyo ikiwa na mikunjo mingi itakuumiza au itaisogeza taa. Wenye nywele zilizosukwa nene au rasta, pamoja na wanawake wanaovaa hijabu au kilemba, wajaribu kofia wakiwa katika hali watakayokuwa nayo mlimani. Kinachomkaa vizuri mwenye nywele fupi kinaweza kisifike kwenye paji la uso la mwingine. Watengenezaji wengi hawakuwafikiria watu hawa, na suluhisho la kweli mara nyingi ni kuchukua saizi moja zaidi na kukubali mwili wa nguo uwe mpana kidogo.

Kuhusu zipu, wapo wanaopenda ile inayoishia katikati ya kifua kwa sababu ni nyepesi na haikunjamani chini ya mkanda wa begi. Nawaelewa, ila mimi huchagua zipu ya kutoka juu hadi chini. Nguo ya kuvulia kichwani inakulazimisha uondoe taa, kofia au kilemba kila unapoivua, na mtu aliyechoka hukwepa usumbufu huo kwa kubaki nayo mwilini hadi imeloa. Mifuko ya pembeni haina kazi, kwani mkanda wa begi huifunika na kitambaa chake cha pili huzidisha jasho kiunoni. Mfuko mmoja wa kifuani unatosha kwa simu, ambayo betri yake huhitaji joto lako. Urefu wa nguo uvuke mkanda wa suruali, la sivyo begi litaipandisha na kiuno kitabaki wazi. Mishono ya mabegani iwe bapa, au iwe imesogezwa mbele, ili kamba za begi zisiikandamize kwenye nyama.

Wauzaji watakuonyesha pia flisi yenye utando ndani unaozuia upepo. Dukani inavutia, kwa kuwa ukiivaa unahisi joto papo hapo. Mimi naikataa. Utando huo huzuia upepo usiingie na pia huzuia sehemu kubwa ya mvuke usitoke, na huwezi kuuondoa unapopanda mteremko mkali. Ni afadhali flisi inayopitisha upepo pamoja na koti jembamba la nailoni la gramu 100 hivi lililokunjwa mfukoni, ambalo unalivaa ukifika kwenye ukingo ulio wazi na kulivua ukishuka. Koti la mvua linaweza kufanya kazi hiyo pia, ingawa kwa jasho zaidi kidogo. Jambo lisilo na mjadala ni kwamba flisi peke yake si kinga: bila kitu cha kuzuia upepo na mvua juu yake, hewa yote iliyoshikwa na nyuzi hupeperushwa.

Wengi wetu tutainunua hudi hii mitumbani, iwe Memorial mjini Moshi, Karume Dar es Salaam au Gikomba Nairobi, na mitumbani kuna namna ya kuchagua. Lebo ya ndani hutaja aina ya uzi lakini kwa kawaida haitaji gramu za kitambaa, kwa hiyo vidole, macho na pumzi ndivyo vipimo. Kwanza nainyanyua kuelekea kwenye mwanga: flisi nyepesi huonyesha mwanga kwa usawa, na palipofifia kupita kiasi, hasa viwikoni na mabegani, pameshaliwa na kamba za begi la mtu mwingine. Pili naiweka mdomoni na kupuliza. Pumzi ikipita kwa urahisi, kitambaa kinatoa jasho. Ikigoma kabisa, kuna utando ndani yake. Tatu naigeuza ndani nje na kutazama manyoya. Vinundu vidogo juu ya uso wa nje ni alama ya matumizi tu na havidhuru sana, lakini manyoya ya ndani yaliyolala na kugandamana hayashiki hewa tena, na nguo hiyo haifai hata ikiuzwa kwa bei ya leso. Kisha navuta mikono na ukingo wa kofia kuona kama mpira unarudi, na kufungua na kufunga zipu hadi mwisho bila haraka. Zipu hubadilishwa na fundi kwa gharama ndogo; mpira uliokufa ndani ya ukingo wa kofia ni kazi ngumu zaidi.

Mwisho huomba mizani. Muuza maharage wa jirani kwa kawaida hakatai kunipimia nguo. Hudi ya saizi ya kati iliyo kati ya gramu 250 na 350 ndiyo ninayoitafuta. Ikivuka 450, basi ni ya kuketi, hata kama muuzaji anaapa kwamba ndiyo ya mlima. Mimi hufika sokoni asubuhi, marobota yanapofunguliwa, kwa sababu wapagazi na waongozaji nao wanaijua flisi nzuri na hawachelewi.

Hao wapagazi ndio hasa ninaotaka wafikiriwe kuhusu nguo hii. Mtu aliyebeba mzigo wa kilo 20, kikomo kinachoruhusiwa Kilimanjaro, na anayewatangulia wageni ili akaandae kambi, hutokwa na jasho kuliko yeyote, kisha hufika kambini akiwa ameloa na husimama kwenye upepo akifunga mahema. Mjini Moshi uko mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project, unaowaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, na wageni wengi huacha nguo zao mwishoni mwa safari. Zinazoachwa mara nyingi ni makoti makubwa. Nawashukuru wanaotoa, na ninawaomba waongeze pia flisi nyepesi na koti la mvua lililo zima, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyovaliwa njia nzima chini ya mzigo.

Kwa matembezi ya sehemu za chini zaidi, mfano Lushoto hadi Mtae katika Juni na Julai, au vilima vya Ngong siku ya upepo, hudi hiyohiyo inatosha, fulana ya poliesta chini yake na koti la mvua kwenye begi. Ndiyo sababu nyingine ya kutoona haja ya kununua nzito: nyepesi utaivaa mara nyingi.

Kuitunza hakuna gharama. Ifuliwe kwa mikono kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo hupaka nyuzi na kuzifanya zisisambaze jasho. Isipigwe pasi, na isikaribie jiko la gesi au cheche za moto kambini, kwa kuwa poliesta huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Na isifuliwe ovyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nguo moja ya poliesta inaweza kutoa nyuzi zaidi ya 1,900 katika ufuaji mmoja, na flisi ndiyo iliyotoa nyingi zaidi. Nyuzi hizo haziozi. Baada ya safari ya siku moja mimi huianika tu kivulini mpaka harufu iishe, na nikiifua, maji yake nayamwaga kwenye udongo mbali na mfereji unaoelekea mtoni.